Sintesaiza imenyamaza, au inatoa sauti usiyoitaka: kutafuta kosa kati ya miksa na filta

Ijumaa jioni ndiyo siku ninayopata wateja wengi hapa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Harusi na kwanjula, sherehe za utambulisho wa wachumba, huwa Jumamosi, ibada Jumapili, kwa hiyo Ijumaa ndipo mpiga kinanda anapokumbuka kwamba besi yake ilikuwa na kasoro tangu wiki iliyopita. Siku moja alifika kijana kutoka Tororo, sintesaiza imefungwa blanketi, imebanwa katikati yake na mwenye boda. "Fundi, osileta ya pili imekufa. Nimeambiwa nitafute pesa ya saketi mpya." Sikushika bisibisi. Nilizungusha nobu moja, ile ya upana wa palsi, kutoka mwisho kabisa wa kulia mpaka katikati, na osileta ikarudi. Kijana alikaa kimya, kisha akanionyesha kwenye simu kiasi cha pesa alichokuwa ameanza kukopa.

Ninaandika kwa ajili yake na wenzake. Vyombo vingi ninavyoletewa ni vizima. Sauti imezibwa mahali fulani njiani, na aliyeizibia ni mwenyewe usiku wa mazoezi, au ni preseti, sauti iliyohifadhiwa tayari, aliyoipakia bila kuijua. Ukiijua njia, utafika palipozibwa ndani ya dakika tano.

Njia yenyewe ni fupi. Sauti huzaliwa kwenye osileta, au kwenye noizi, ule mvumo kama wa mvua juu ya bati. Inaingia kwenye miksa ya ndani, ambako kila chanzo hupewa nguvu yake. Inapita kwenye filta, ambayo hukata sehemu fulani ya sauti na kuacha nyingine. Kutoka hapo inafika kwenye ampu ya ndani, VCA, inayofunguka ukibonyeza kibao na kufunga ukikiachia, halafu inatoka kwenye tundu la nyuma. Envelopu, inayopanga jinsi noti inavyopanda na kufifia, na LFO, osileta ya polepole sana, zenyewe hazitoi sauti. Ni kama mikono ya ziada inayozungusha nobu kwa niaba yako wakati unacheza. Ndiyo maana unaweza kukuta nobu iko mahali pake sawasawa na bado sauti haiko sawa: kuna mkono mwingine umeishika.

Anza na mluzi

Kabla ya kuuliza lolote, mimi hufanya kipimo kimoja. Ninashusha osileta zote kwenye miksa hadi sifuri, noizi pia. Ninaweka katofu ya filta, pale inapoanza kukata, katikati. Halafu ninapandisha rezonansi, ile inayokoleza sauti palepale kwenye katofu, mpaka mwisho na kubonyeza kibao.

Filta nyingi za analogi, hasa zile zinazokata desibeli 24 kwa kila oktava, zikifikishwa hapo huanza kupiga mluzi zenyewe bila kulishwa chochote. Ukiusikia mluzi, na ukizungusha katofu ukapanda na kushuka, umejifunza mambo mengi kwa mpigo mmoja: filta ni nzima, VCA ni nzima, envelopu ya sauti inafanya kazi, tundu na waya ni salama. Kosa liko nyuma ya filta, upande wa osileta na miksa. Usipousikia, tafuta kuanzia filta kwenda mbele.

Kwangu kipimo hiki kina thamani kuliko mita ya umeme, kwa sababu filta imekaa katikati ya njia na unaikata safari nusu kwa nusu. Punguza sauti ya spika kwanza, maana mluzi wa filta unachoma masikio na unaweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Zipo filta zisizopiga mluzi. Nyingi za desibeli 12 hazifiki huko, na baadhi ya za kidijitali zimewekewa mpaka na watengenezaji. Hapo tumia noizi: ipandishe peke yake, zungusha katofu, usikilize kama mvumo unafunguka na kufunga. Ni karibu kipimo kilekile, ila hiki kinapitia miksa, kwa hiyo hakitenganishi vizuri sana.

Na kama chombo chako ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983, usiitafute filta. Haina. Rangi ya sauti yake inatengenezwa kwa opereta sita zinazotikisana zenyewe kwa zenyewe, na mengi ya maelezo haya hayakuhusu.

"Haitoi sauti kabisa, na mluzi pia hakuna"

Anza na vitu vya aibu, kwa sababu ndivyo vinavyotokea. Sauti kuu iko chini. Pedali ya sauti imechomekwa na imekanyagwa nusu, au imewekwa kisigino chini. Kompyuta imezima kile kiitwacho Local Control, amri namba 122 ya MIDI, lugha ambayo vyombo na kompyuta huzungumza, na sasa vibao vinatuma ujumbe nje lakini havichezi injini ya ndani. Hilo la mwisho nimelikuta mara nyingi kwa vijana wanaorekodi nyumbani: wamechomoa kompyuta, wamekuja na chombo peke yake, na chombo bado kinasubiri kompyuta iseme.

Yote hayo yakiwa sawa, iangalie filta yenyewe. Lopasi, ile inayopitisha sauti nzito na kukata nyembamba, ikiwa na katofu chini kabisa na kipimo cha envelopu kikiwa sifuri, imefunga mlango. Hakuna cha kuufungua. Ongeza envelopu au pandisha katofu.

Kuna jambo la pili linalofanana na hilo, na linawapotosha hata wazoefu. Nobu ya kipimo cha envelopu mara nyingi ina pande mbili, sifuri iko katikati. Ukiipeleka kushoto, envelopu inaivuta katofu chini badala ya kuipandisha. Unabonyeza kibao, filta inafunga pale ulipotaka ifunguke. Dalili yake utaijua: unasikia kitu kidogo sana mwanzoni, halafu kimya, au sauti inajitokeza baada ya kuachia kibao. Rudisha nobu katikati, hesabu tena kutoka hapo.

La tatu ni haipasi. Hii hupitisha nyembamba na kukata nzito. Chombo chenye filta mbili zilizofuatana, kama Korg MS-20 ya mwaka 1978, hupitisha sauti kwenye haipasi kwanza, kisha lopasi. Ukiiweka haipasi kwenye 2000 Hz, yaani mitikisiko 2000 kwa sekunde, na lopasi kwenye 300 Hz, hakuna kinachobaki. Ya kwanza imetupa kila kilicho chini ya 2000, ya pili imetupa kila kilicho juu ya 300, na kati yao hakuna eneo la pamoja. Katika mfululizo, katofu ya haipasi lazima ikae chini ya ile ya lopasi, na sauti unayoisikia ni kile kipande kilicho kati yao.

"Mluzi upo, lakini osileta moja haisikiki"

Huyu ndiye kijana wa Tororo. Wimbi la palsi lina upana. Likiwa nusu kwa nusu linaitwa mraba, lina mwili na sauti ya filimbi ya mti. Kadiri unavyolibana linakuwa jembamba na la puani. Ukilibana mpaka asilimia 0, au ukalipanua mpaka 100, linaacha kuwa wimbi: limekuwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hauna sauti. Vyombo vingine vimewekewa kizuizi wimbi lisifike mwisho, vingine havina. Mbaya zaidi ni pale LFO inapolisukuma wimbi hilo: unalisikia likiwepo, linatoweka, linarudi, na unaapa kwamba kuna waya uliolegea ndani. Badilisha wimbi liwe la msumeno. Osileta ikirudi na kutulia, hakuna waya uliolegea.

Kama si palsi, angalia oktava. Osileta nyingi zina ngazi ya chini kabisa ambayo imewekwa zitumike kama LFO, na huko hutoa mapigo tu, tik tik tik, kama mtu anagonga meza kwa ukucha. Karibu na ngazi hiyo kuna swichi ya kuitenganisha osileta na vibao. Ikizimwa, osileta inalia noti moja tu vyovyote unavyocheza. Kwenye Minimoog ya mwaka 1970 osileta ya tatu ina swichi hiyo, na vyombo vilivyofuata nyayo zake vimeirithi.

Ringi modyuleta nayo huwachanganya watu. Inazidisha vyanzo viwili, haijumlishi. Kimoja kikiwa kimya, matokeo ni kimya, hata kama kingine kinapiga kelele.

"Besi inakuja na kuondoka"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili limeharibu maonyesho mengi mazuri na watu wanawalaumu wenye spika.

Osileta mbili zikitofautiana kidogo, zinapandana na kuachana. Moja ikiwa 440 Hz na nyingine 441, sauti inavimba na kufifia mara moja kila sekunde. Zikikutana kilele kwa kilele zinaongezeana nguvu. Kilele kikikutana na bonde zinafutana. Juu kwenye kibao hilo ndilo utamu wenyewe, ndilo linaloifanya sauti ya nyuzi iwe pana. Mtu anaweka tofauti ya senti 10 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), anacheza koda mkono wa kulia, anafurahi, anaihifadhi.

Halafu anaitumia sauti ileile kwa besi. Senti 10 ni uwiano, haina idadi moja ya Hz. Kwenye La ya 440 senti 10 ni tofauti ya karibu 2.5 Hz, unasikia mtikisiko wa haraka unaopendeza. Kwenye La ya besi ya 55 Hz, senti 10 zilezile ni tofauti ya karibu 0.3 Hz tu. Mzunguko mmoja unachukua sekunde tatu. Maana yake, katika kila sekunde tatu kuna kipindi ambacho sauti ya msingi ya besi imefutika karibu yote, na ukipiga noti katika kipindi hicho inatoka nyembamba, bila kifua. Noti inayofuata inatoka nzito. Mpigaji anadhani vidole vyake havina nguvu sawa.

Nimelisikia hili Mbale mwaka wa imbalu, tohara ya Wamasaba, besi ya sintesaiza ikipigwa pamoja na ngoma za kadodi. Ngoma zilikuwa zimeshika chini kwa uthabiti, na besi ikawa inaingia na kutoka kama redio ya kijijini. Watu wa spika walibadilisha waya mara mbili.

Dawa ninayoiamini: besi ipewe osileta moja tu chini kabisa. Ya pili ipandishe oktava moja na huko ndiko uiweke tofauti yako ya senti. Sauti ya msingi itatulia, upana utabaki juu. Kama chombo kina sabu, ile osileta ndogo inayolia oktava moja au mbili chini, itumie. Kwa kawaida hutokana na osileta kuu kwa kugawanya mapigo yake, kwa hiyo haiwezi kuhama kutoka kwenye fezi, yaani mpangilio wa vilele na mabonde, ya mama yake. Na kama chombo kina swichi ya kuanzisha mawimbi upya kila kibao kinapobonyezwa, iwashe kwa besi na uizime kwa nyuzi.

"Inakwaruza, imejaa, haieleweki"

Swali la kwanza: inakwaruzia ndani au nje? Shusha sauti kuu ya sintesaiza mpaka robo, kisha pandisha ile ya miksa kubwa ya ukumbini ili usikie sawasawa kama mwanzo. Mkwaruzo ukiondoka, ulikuwa unaizidi nguvu miksa ya nje. Ukibaki vilevile, uko ndani, na mahali pa kwanza pa kutazama ni miksa ya osileta.

Watu huweka kila chanzo kwenye 10 kwa kuamini kwamba nobu isiyofika mwisho ni nguvu iliyopotea. Vyanzo viwili vinavyofanana kabisa vikijumlishwa, kilele kinakuwa mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi. Ongeza cha tatu, ongeza noizi, na filta inapokea mzigo ambao haikutengenezwa kuubeba kwa usafi. Kwenye filta za ngazi alizozibuni Robert Moog, kuzidiwa huko kuna utamu: pembe za wimbi zinalainika na sauti inanenepa. Ni sababu mojawapo ya watu kuipenda Minimoog. Lakini ni kiungo, kama pilipili, na mtu hamwagi pilipili yote kwa sababu iko mezani.

Mimi huanza na vyanzo vyote kwenye 5, ninasikiliza, halafu ninashusha kile ambacho hakina kazi. Ninashusha kwanza. Ni mara chache nimehitaji kupandisha.

Kuna dalili mbili zinazotokana na jambo hili na hakuna anayezihusisha nalo. Moja ni rezonansi isiyosikika: unaizungusha mpaka robo tatu na ule uimbaji wa filta hautokei. Sababu inaweza kuwa mzigo mkubwa kutoka miksani. Filta ikishiba namna hiyo, mrejesho wake unakosa nafasi. Shusha vyanzo hadi 3, uzungushe rezonansi tena. Ya pili ni kinyume: rezonansi inasikika vizuri lakini besi imekwenda. Filta ya ngazi ina tabia hiyo kwa maumbile yake. Kadiri rezonansi inavyopanda, ndivyo kile kilicho chini ya katofu kinavyopungua nguvu. Hakuna kilichoharibika. Pandisha sauti baada ya filta, au tumia swichi ya kufidia besi kama ipo, au punguza rezonansi kidogo kuliko unavyotamani.

Kwa wenye Roland Juno-106 ya 1984 na vyombo vilivyoiga mpango wake, besi iliyopotea itafute kwanza kwenye kile kislaidi cha haipasi chenye ngazi nne. Ngazi ya chini kabisa inaongeza besi, ya pili inapita bila kugusa, na mbili za juu zinakata. Nimewahi kuona mtu akinunua spika nyingine ya besi kwa sababu ya kislaidi hiki.

"Nazungusha filta, sauti haibadiliki"

Kwenye chombo chenye filta moja, sababu huwa nyepesi: katofu imeshapandishwa juu na envelopu, kwa hiyo nobu haina pa kwenda; au preseti imepakiwa na nobu inangoja ifikie thamani iliyohifadhiwa kabla ya kushika. Zungusha nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara moja, itashika. Kama unaendesha kutoka nje kwa MIDI, katofu kwa kawaida husikiliza namba 74 na rezonansi namba 71.

Kwenye chombo chenye filta mbili mambo ni mazito zaidi, na hapa ndipo kupanga njia kunapohitaji kufikiri. Vyombo kama Access Virus vinakuruhusu kuchagua: filta mbili mfululizo, au sambamba, au kila osileta na filta yake.

Zikiwa sambamba, sauti inagawanyika, nusu inapita filta ya kwanza, nusu ya pili, kisha zinakutana mbele. Sasa fikiri: filta ya kwanza ni lopasi na unaifunga taratibu, lakini ya pili imeachwa wazi kabisa. Kila kitu ulichokikata upande wa kwanza kinapita upande wa pili bila kuguswa. Masikio yanasikia badiliko dogo tu. Filta ya kwanza inafanya kazi yake kwa uaminifu, ila ukuta ulioujenga una mlango wazi pembeni. Tafuta nobu ya mizania kati ya filta mbili, ipeleke yote upande wa kwanza, usikilize, kisha yote upande wa pili. Utajua nani anapitisha nini.

Usambamba una mtego mwingine. Lopasi na haipasi za desibeli 12, zote zikiwekwa katofu ileile, hukutana pale zikiwa zimegeuziana mgongo kifezi, na sauti ya mahali hapo inafutika. Unapata shimo katikati, sauti kama imetobolewa. Sogeza katofu moja, au kama chombo kinaruhusu kugeuza fezi ya filta moja, igeuze.

Nilijifunza thamani ya njia ya tatu, ya kila chanzo na filta yake, nilipokuwa ninatengeneza sauti ya amadinda. Amadinda ya Buganda ina vibao 12 vya mti, na wachezaji wawili wanaokaa wakitazamana hupachika noti zao katikati ya za mwenzao, huku wa tatu akiudokoa kwenye vibao viwili vya juu ule mpigo unaojitokeza chini. Kila noti ni mambo mawili: mgongano mfupi wa fimbo kwenye mti, kisha mlio wa mti wenyewe, mfupi na mkavu. Nilichukua osileta moja, wimbi la pembetatu, nikaipitisha kwenye lopasi iliyokaa karibu na 1200 Hz. Noizi nikaipeleka filta ya pili, bendipasi, inayopitisha kipande cha katikati tu, karibu na 3000 Hz, ili iwe ule mgongano wa fimbo.

Haikufanya kazi. Noti zilikuwa zinaacha nyuma yake mvumo kama pumzi, na mbinu ile ya kupachikana ikageuka tope. Nilizungusha filta ya pili kwa karibu saa nzima. Kosa halikuwa kwenye filta. Noizi na osileta zilikuwa zinashirikiana VCA moja, kwa hiyo noizi ilikuwa inadumu muda uleule na mlio wa mti. Noizi ilihitaji envelopu yake fupi, milisekunde 15 hivi, kwenye nguvu yake ndani ya miksa. Chombo kile kiliruhusu envelopu ya filta ielekezwe kwenye nguvu ya noizi. Nikaielekeza huko, na mgongano wa fimbo ukakatika safi. Kwa hiyo chanzo kikikusumbua baada ya filta, rudi nyuma uangalie miksa yake inaendeshwa na nani na kwa muda gani.

"Noti za juu zinazima"

Lopasi imebaki palepale na wewe umepanda. Katofu ikiwa 500 Hz na ukacheza Do iliyo oktava mbili juu ya Do ya kati, kama 1047 Hz, noti nzima iko juu ya mlango. Filta ya desibeli 24 kwa oktava inaishusha zaidi ya desibeli 20. Ongeza ufuasi wa vibao: ukifika asilimia 100, katofu inapanda oktava moja kila unapopanda oktava moja.

"Inanguruma hata nisipocheza"

Umeme wetu ni 240 V na 50 Hz. Ngurumo ya 50 Hz mara nyingi inatoka kwenye waya au kwenye ardhi ya umeme isiyofungwa vizuri. Ya 100 Hz, iliyo oktava moja juu na kali kidogo, huelekeza kwenye ugavi wa umeme wa ndani ya chombo. Kwenye harusi za jenereta zote mbili huja pamoja.

Rudia hapa kipimo cha katikati. Shikilia kibao, zungusha katofu kutoka juu hadi chini. Ngurumo ikibadilika rangi pamoja na filta, inaingia kabla ya filta: angalia tundu la kuingizia sauti ya nje, ambalo huenda nobu yake imepandishwa na hakuna kilichochomekwa. Isipobadilika hata kidogo, imeingia baada ya filta, na usipoteze muda kwenye miksa ya ndani. Chomoa waya wa nyuma, jaribu hedifoni. Hedifoni zikiwa safi, tatizo ni waya au ukumbi.

Nobu zinazochakacha ni vumbi, na kiangazi hapa mpakani, malori yakipanga foleni, vumbi haliishi. Zima chombo, chomoa, tia dawa ya kusafishia vigusio vya umeme, zungusha nobu mara 20 au 30, acha ikauke. Usitie mafuta ya cherehani. Yanalainisha siku mbili na kukusanya vumbi miaka miwili.

Kama osileta za analogi zinahama tuni, zipe dakika 15 hadi 20 zipate joto kabla ya kuzirekebisha, na usiache chombo juani kwenye pikapu huku ukila ukingoja bibi harusi.

Ugavi wa umeme wa ndani usiufungue kama hukufundishwa. Kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

"Nyumbani ilikuwa nzuri, ukumbini nusu ya sauti haipo"

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi na waimbishaji wa kwaya, na jibu liko kwenye njia ileile, mwisho wake kabisa. Vyombo vya filta mbili hupenda kutawanya: filta ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Kwenye hedifoni ni raha. Ukumbini unapewa waya mmoja, unachomeka tundu la kulia kwa sababu ndilo lililo karibu, na kila kilichopita filta ya kwanza kimeachwa ndani ya chombo. Kwenye vyombo vingi tundu la kushoto ndilo lenye alama ya mono, na likichomekwa peke yake hukusanya pande zote. Chomeka hilo.

Hata hivyo kukusanya kuna hatari yake: pande mbili zilizogeuziana fezi zikijumlishwa zinafutana, na sauti iliyokuwa pana sana nyumbani ndiyo inayopotea zaidi. Jaribu Alhamisi. Tafuta spika moja tu, waya mmoja, tundu la mono, na upitie kila preseti utakayoitumia. Ile inayopungua mwili, rudisha filta zote mbili katikati na uihifadhi upya kwa jina lenye alama yako, ili Jumamosi usiipakie ile ya zamani.